Dansa ya 1813 huanzia kwenye mwezi

Hotuba hii niliitoa Tanga nilipokuja likizo, mbele ya mafundi cherehani na wanafunzi wa sanaa za maonyesho. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Niliombwa nieleze kazi ninayoifanya Uingereza, hasa ile ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye picha nilizomtumia dada yangu: mabibi wamevaa gauni nyeupe za kiuno cha juu, mabwana wamevaa soksi za hariri, thurea inawaka, watu wamejipanga safu mbili wanacheza. Swali mliloniletea lilikuwa fupi. Mtu akitaka kuandaa upya dansa kama zile zilizofanyika kwenye majumba ya mashambani ya Uingereza miaka mia mbili iliyopita, na akataka iwe sahihi, aanzie wapi? Najua wengi mnangoja niseme gauni, maana mimi ni mshonaji. Gauni litakuja. Kwanza tazameni mwezi.

Mwenye jumba aliyetaka kualika watu alifungua almanaka akatafuta mwezi mpevu unaangukia siku gani. Barabara za mashambani hazikuwa na taa. Wageni walitoka maili kadhaa kwa magari ya farasi, na kurudi kwao ilikuwa saa tisa au kumi usiku, farasi wamechoka na mwendeshaji ana usingizi. Bila mbalamwezi, gari lingeishia mtaroni. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Bibi zetu walijua ngoma ya usiku hupangwa mwezi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo ukitaka kuandaa dansa ya wakati ule, usianze kwa kutafuta Jumamosi iliyo wazi. Tafuta usiku wa mwezi. Wageni wako wakitoka nje wakakuta njia inang'aa, watakuwa wameelewa kitu ambacho hakuna kibao cha maelezo kingewaeleza.

Sasa niseme ni wakati gani huo. Waingereza wanauita Regency. Mfalme George wa Tatu aliugua hata akashindwa kutawala, na kuanzia Februari 1811 mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake, mpaka mzee alipofariki Januari 1820. Ni miaka tisa tu, lakini mitindo ilikwenda mbio ndani yake, na mteja akiniambia "nataka dansa ya Regency" huwa namwambia: taja mwaka. Leo nachukua 1813. Ndio mwaka mwandishi Jane Austen alipochapisha riwaya yake Pride and Prejudice, na wengi wanaoandaa dansa hizi wamevutwa na kitabu kile. Mwaka 2013, kitabu kilipotimiza miaka 200, BBC waliandaa upya dansa ya namna hiyo kwenye Chawton House, Hampshire, jumba lililokuwa mali ya kaka yake Jane Austen. Walileta wataalamu wa mavazi, wa muziki na wa chakula. Anayeingia kwenye kazi hii aanzie kuitazama, halafu azime televisheni aanze kuuliza maswali yake mwenyewe.

Swali langu mimi daima ni la mwanga.

Taa ya kizamani ya wati 60, ile tuliyokulia nayo, inatoa mwanga wa mishumaa kama 60. Fikirini basi sebule kubwa yenye mishumaa 100. Kwa macho yetu ya leo bado ni giza giza. Kwao ilikuwa fahari ya kusimuliwa mwezi mzima, kwa sababu mshumaa mzuri ulikuwa wa nta ya nyuki, na nta ilikuwa ghali, na serikali ilitoza ushuru kwenye mishumaa mpaka mwaka 1831. Watu wa kawaida waliwasha mishumaa ya shahamu ya ng'ombe na kondoo, yenye moshi na harufu ya jikoni, au manyasi yaliyochovywa kwenye mafuta. Mgeni aliyeingia sebuleni akakuta nta imewashwa pande zote alijua, kabla hajapewa kinywaji, kwamba mwenyeji amefungua mkoba.

Mshumaa una kazi, tena kazi ya mikono. Utambi wa kusukwa unaojiunguza wenyewe ulikuwa haujaingia. Mtumishi alipita na makasi yake akipunguza tambi zilizorefuka, alishusha thurea kwa kamba kubadilisha iliyokwisha, alifuta nta iliyodondokea mabega ya watu. Na mshumaa una joto. Mmoja unatoa kama wati 80. Mia moja ni wati 8,000, sawa na kuwasha pasi za umeme nane chumbani na kuziacha usiku kucha, halafu uongeze watu hamsini wanaoruka. Ndiyo maana kila bibi alikuwa na kipepeo cha kujipepea mkononi. Nimeona maonyesho mengi ambamo kipepeo ni pambo la kuchezea macho. Usiku ule kilikuwa kifaa cha kupumulia.

Mkishaelewa mwanga, mtaelewa chumba na nguo. Kioo kikubwa ukutani, fremu za dhahabu, vipande vya kioo vinavyoning'inia kwenye thurea, vyote viliwekwa ili mshumaa mmoja uonekane kama mitatu. Na gauni jeupe ni hivyo hivyo. Chini ya taa zetu za leo gauni la 1813 linaonekana la kawaida, hata la kusikitisha. Kwenye mshumaa, kitambaa chepesi cheupe hukusanya mwanga wote wa chumba, na puluki ndogo za madini au uzi wa zari kwenye pindo huwaka na kuzimika kila mvaaji anapopiga hatua. Fundi wa wakati ule alishona kwa ajili ya mwanga unaotikisika. Asiyejua hilo atarembesha gauni mpaka libebe mzigo, kwa sababu analitazama chini ya taa isiyotikisika.

Kitambaa chenyewe mnakijua, na kina jina kwa lugha yetu: melimeli. Ile nyepesi kabisa ilifumwa Bengal, maarufu kuliko zote ikiwa ya Dhaka, na ilisafirishwa kwenda kwenye bandari nyingi za dunia. Kufikia 1813 viwanda vya Lancashire na Paisley navyo vilikuwa vinafuma ya kwao. Bibi yangu alishona kofia hapa mjini, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tundu moja moja, miezi mitatu kofia moja. Siku niliyoshika kwa mara ya kwanza gauni halisi la wakati ule, nimevaa glavu, nikaona pindo lake limetariziwa uzi mweupe juu ya melimeli nyeupe, niliijua kazi ile kabla hata sijaigeuza. Mkono uliotoboa na kuzungushia uzi ni mkono wa aina moja na wa bibi. Nililia, sioni haya kusema.

Cherehani hakuna. Mashine za kushonea zilikuja baadaye sana, na mshono wa 1813 wote ni sindano na uzi. Zipu hakuna. Gauni linafungwa kwa kamba za kuvuta, vifungo vidogo na pini. Rangi za viwandani za kutia nguo hazipo. Ya kwanza iligunduliwa London mwaka 1856. Ukitaka buluu ni nili, ukitaka nyekundu ni mizizi ya mmea uitwao madder au wadudu wa kokinili. Mteja akiniletea kitambaa cha waridi kinachopiga kelele, namrudishia kwa heshima.

Nami nimewahi kukosea. Gauni za kwanza nilizoshonea dansa moja, nilikata mgongo kama ninavyokata gauni la leo, mpana, mikono imewekwa pale bega linapoishia. Kwenye mwanasesere zilikuwa nzuri mno. Wachezaji walipoinua mikono kushikana, kiuno chote kikapanda, na kufikia usiku wa manane mishono miwili ilikuwa imefumuka kwapani. Mgongo wa gauni la 1813 ni mwembamba kuliko unavyoweza kudhani, na mikono imeshonewa nyuma kabisa, karibu na mifupa ya bega. Unapolivaa mabega yanashuka na kurudi nyuma yenyewe. Mvaaji hahitaji kuambiwa asimame vipi. Ndani kuna shimizi ya kitani, juu yake vazi la kubana linaloinua kifua, kisha sketi ya ndani. Ukiruka hatua moja kati ya hizo, gauni la juu litasema uongo hata kama umelishona kwa mkono wako.

Sasa twende kwenye sakafu, maana ndiko usahihi mwingi unakopotelea.

Majumba mengi ya mashambani hayakuwa na ukumbi maalumu wa dansi. Walikunja zulia, wakatoa meza na viti, wakapata nafasi. Wenye uwezo walimwita mchoraji akapamba ubao wa sakafu kwa chaki: maua, nembo ya ukoo, mashada ya rangi. Chaki ilizuia viatu laini kuteleza na kuficha mbao zilizochakaa. Kisha wageni wakaingia wakaicheza mpaka ikafutika. Nimeshuhudia sakafu ya namna hiyo ikitengenezwa upya, msichana amepiga magoti siku nzima anachora mashada, na dansi ya pili haijaisha yamekuwa vumbi la rangi kwenye pindo za gauni. Sikumbuki kitu kilichonifanya nielewe utajiri wa watu wale kuliko vumbi lile.

Dansi yenyewe mwaka 1813 ni ya safu mbili, wanaume upande huu, wanawake ule, wametazamana. Bibi mwenye cheo kikubwa anasimama juu na mwenzake, anachagua wimbo na mtindo, anaanza. Jozi ya juu inacheza na jozi za chini yake huku ikishuka, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa safu. Jozi zikiwa nyingi, dansi moja inaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Mtindo wa kuzunguka wawili wawili mmekumbatiana, ule wa valsi, msiuweke kwenye dansa ya kijijini ya 1813. Mwaka 1816 gazeti la The Times lilikuwa bado linalaumu kwamba umechezwa kwenye dansa ya mtawala mwenyewe. Kwadrili nayo, dansi ya jozi nne zilizojipanga mraba, ilipata umaarufu London kuanzia 1815. Mnaona kwa nini nasema taja mwaka.

Kuna dansi moja nzuri, Mr Beveridge's Maggot, ambayo filamu zimeifanya iwe sura ya enzi ile. Ilichapishwa mwaka 1695. Mwaka 1813 ilikuwa na umri wa miaka 118, na vijana wa wakati ule wasingeicheza kama ambavyo ninyi hamwendi harusini kucheza ngoma ya mababu wa babu zenu. Zile hatua za kutembea polepole kwa huzuni, mtu anatazamana na mwenzake kama wako msibani, zimetokana zaidi na wafufuaji wa dansi za kale wa karne ya 20. Walimu wa dansi wa wakati ule, kama Thomas Wilson wa London, waliandika hatua za kuruka, za kuteleza, za kubadilisha mguu hewani. Vijana walitoka jasho. Jane Austen alimwandikia dada yake mwaka 1798, akiwa na miaka 23, kwamba kulikuwa na dansi ishirini naye alicheza zote bila kuchoka. Hayo si maneno ya mtu aliyekuwa anatembea.

Lakini kuna kusimama pia, na kusimama kunasahauliwa. Jozi za chini hungoja zamu yao muda mrefu. Hapo ndipo maongezi yalipokuwa. Msichana ambaye mchana hakuruhusiwa kukaa peke yake na kijana, sasa amesimama naye nusu saa mbele ya mama yake mzazi, wakinong'ona, na hakuna anayeweza kulalamika. Wanafunzi wa maonyesho, mkiigiza dansa hii, fanyieni mazoezi kusimama kama mnavyofanyia hatua. Na wanaume wakipungua, kama walivyopungua kwa ajili ya vita na Napoleon, waacheni wanawake wacheze wao kwa wao, walifanya hivyo.

Nimefika kwenye muziki, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linaishi moyoni mwangu.

Bendi ilikuwa ndogo: fidla moja au mbili, pengine selo, pengine filimbi. Mara kwa mara naulizwa, na Waingereza na ndugu zetu pia, kama mtu mweusi anaweza kuwepo kwenye chumba kile bila kuharibu usahihi. Jibu langu lina jina. Joseph Emidy alizaliwa Guinea, Afrika Magharibi, akachukuliwa na Wareno utumwani akiwa mtoto. Lisbon alijifunza fidla mpaka akapiga kwenye okestra ya opera. Mwaka 1795 nahodha mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Edward Pellew, alimsikia, akaagiza atekwe apelekwe melini awapigie mabaharia nyimbo za kuchezea. Miaka minne walimfungia baharini, mtu wa opera. Mwaka 1799 akashushwa Falmouth, Cornwall. Hapo akaanza upya: akafundisha fidla na ala nyingine, akaongoza wanamuziki wa Falmouth na baadaye Truro, akatunga muziki wake. Kazi zake zilipopelekwa London wanamuziki walizipiga wakazisifu, kisha baadhi wakashauri asiletwe, kwamba rangi yake ingemzuia kufanikiwa. Alifariki mwaka 1835, kaburi lake liko Kenwyn, Truro. Muziki aliotunga umepotea wote.

Kwa hiyo ukiandaa dansa ya 1813 kule Cornwall, mkuu wa wapiga fidla wa mkoa ule alikuwa Mwafrika. Anayemwondoa kwa kudhani anarekebisha historia, anaiharibu. Na London, miaka michache baadaye, Billy Waters, mtu mweusi mwenye mguu wa mti, alikuwa anapiga fidla mbele ya ukumbi wa maonyesho wa Adelphi na mji mzima ulimjua.

Jikoni sasa, kwa ufupi, ila supu sitaiacha. Karamu iliandaliwa karibu na usiku wa manane, vyakula vyote mezani kwa pamoja: nyama baridi, jeli zinazotetemeka, matunda ya chumba cha joto, na supu nyeupe. Supu hiyo huanza siku moja kabla. Unachemsha mfupa wa ndama na kuku, mboga na majani ya harufu, unachuja, unaacha usiku ili mafuta yagande juu uyaondoe. Asubuhi unamenya lozi, unazitwanga kwenye kinu mpaka ziwe laini, unazichemsha ndani ya ile supu na kuzikamua kwenye kitambaa. Mnaosikia hapa mmeshaona: ni kukamua tui. Kisha krimu na viini vya mayai, moto mdogo isije ikakatika. Nimeipika. Ukiinywa saa sita usiku, nguo imelowa jasho, miguu inawaka moto, unaelewa kwa nini kwenye Pride and Prejudice mwenyeji wa dansa anasema hatatuma kadi za mwaliko mpaka supu nyeupe ya kutosha iwe tayari.

Sukari iliyojaa mezani, kwenye jeli na kwenye mvinyo wa moto uliotiwa ndimu na kungumanga, ilitoka kwenye mashamba ya watumwa Jamaica na Barbados. Bunge lilikuwa limepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kukomesha utumwa wenyewe kwenye makoloni hayo ilipitishwa 1833. Pamba nyingi ya viwanda vya Lancashire ililimwa na watumwa. Harewood House ya Yorkshire, mojawapo ya majumba mazuri kuliko yote, ilijengwa na ukoo uliotajirikia West Indies. Mimi huomba waandaaji waweke jambo hili waziwazi, kwenye kadi ya vyakula au mdomoni mwa anayekaribisha wageni. Mmoja aliwahi kuniambia litawaharibia watu jioni. Nikamjibu kwamba sukari ile ilikuwepo chumbani, nami nimelipwa nihakikishe kilichokuwepo chumbani kipo.

Mtauliza, je, inawezekana kuwa sahihi kabisa? Kuna mahali tunasalimu amri. Majumba mengi ya kihistoria hayaruhusu moto wa wazi, na wana haki, jumba likiungua halirudi. Basi tunatumia mishumaa ya betri, lakini naomba ya rangi ya manjano iliyoiva, michache, mbele ya vioo, na taa za dari zizimwe zote. Mwenye kukosa pesa ya kushona gauni zima kwa mkono, apige cherehani kwenye mishono ya ndani na mkono kwenye pindo na shingo, panapoonekana. Mwenye kukosa bendi atafute mpiga fidla mmoja mzuri. Fidla moja inatosha chumba kizima. Taarab imewafundisheni hilo tangu utotoni.

Nimemaliza maneno. Yule binti mmeona ameketi pale nyuma tangu mwanzo na khanga mabegani, ndani amevaa gauni nililokuja nalo, la melimeli, pindo nimelitarizi mwenyewe miezi miwili. Kijana uliye karibu na swichi, zima taa zote, na feni pia, tafadhali, isije ikatuzimia mishumaa. Iko sita tu. Subirini kidogo macho yazoee.

Haya, mwanangu, vua khanga. Tembea mpaka kwenye kioo, halafu geuka. Ninyi msinitazame mimi, tazameni pindo.